Manifodi Kwenye Meza ya Kukatia

Jumamosi asubuhi Pumzi aliingia sebuleni amekumbatia manifodi ya lori lake, lile bomba la chuma la kupitishia hewa kwenye injini, akaitua juu ya meza ya kukatia nguo, na mkewe akajua hapo hapo kwamba siku imeshaharibika.

"Baba watoto, hiyo meza ni ya kazi."

"Kwani hii ni mchezo?"

"Ina mafuta!"

"Nimeifuta."

Aliifuta kweli. Aliifuta kwa kipande cha bitana alichokiokota kando ya cherehani, na bitana yenyewe ilikuwa ya koti la mteja. Mkewe alikiinua kile kipande kwa vidole viwili, akakitazama, akamtazama mumewe, akameza maneno. Maneno aliyoyameza mwanamke yule tangu aolewe yangetosha kujaza lori zima na kumwagika njiani.

Mtaani walimwita Fundi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpelekea kitambaa akarudishiwa nguo isiyomkaa. Mumewe walimwita Pumzi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila injini iliyosumbua, yake au ya jirani, alisema tatizo ni pumzi. Injini ni kama mtu, ikikosa hewa imekwisha. Mambo mengine yote yaliyowahi kumharibikia maishani yaliletwa na watu: aliyemuuzia lori, aliyemuuzia dizeli, waliotengeneza barabara, na wateja wasiojua wanachotaka. Yeye hakuwahi kukosea hata siku moja.

"Tangu mdogo yuko hivyo," mama yake alipenda kusema. Bibi huyo aliishi nao, na kiti chake kilikuwa mlangoni ambapo hakuna lililompita. "Akikojoa kitandani, ananiambia ni mvua."

Safari hii hata hivyo shida ilikuwa kubwa kuliko domo lake. Lori lilikuwa kuukuu, la aina ambayo wauza vipuri wenyewe wameshaisahau. Kazi yake ilikuwa kubeba kokoto kutoka machimboni, na kutoka machimboni kuna kilima kimoja tu, kikali, chenye njia nyembamba. Kila lilipofika katikati lilianza kutoa moshi mweusi, likapungua mwendo, likasimama, na malori ya nyuma yakapiga honi mpaka watu wakaziba masikio. Ijumaa lilisimama mara mbili. Msimamizi wa machimbo alitoka kibandani kwake akasema mbele ya madereva wote, "Mzee, Jumatatu nataka unipandie kilima hiki na mzigo bila kusimama. Ukikwama, zamu yako nampa mwingine, na usije kunililia." Madereva wakacheka. Mmoja akamshauri afunge punda mbele.

Bila ile zamu ya machimboni lori lilikuwa chuma tu, na nyumba ile ilikula kutokana na lori. Cherehani ilileta cha chumvi na sabuni, ndivyo Pumzi alivyozoea kusema, na Fundi alizoea kumnyamazia.


Pumzi alikuwa ameangalia video kwenye simu. Mtu mmoja ambaye uso wake haukuonekana, ila mikono tu, alikuwa amefungua injini ya lori la zamani na kuonyesha kwamba midomo ya manifodi, pale hewa inapoingilia kwenye injini, ni myembamba kuliko matundu ya gasketi, ile karatasi ya kuzibia inayokaa kati ya manifodi na injini. Hewa inafika mlangoni inagonga ukuta. Panua midomo ilingane na gasketi, alisema mwenye mikono, na injini itapumua.

"Umeona?" Pumzi alimsogezea mkewe simu puani. "Nilisema nini mimi? Pumzi!"

"Mpelekee fundi wa magari."

"Yule mwizi? Akishafungua injini ananiambia na breki zimekufa."

"Basi fanyia nje. Nina magauni matatu ya kukata leo."

"Nje kuna vumbi. Vumbi likiingia kwenye injini tumekwisha." Alisema hivyo huku mikono yake ikiacha alama nyeusi kwenye ukuta, kwenye kitasa na kwenye glasi ya maji.

Gasketi mpya alikuwa ameinunua Ijumaa jioni, baada ya kuzunguka maduka mengi. Ilikuwa ya karatasi ngumu, na muuzaji alimwambia waziwazi kwamba ni ya mwisho. Kwa hiyo Pumzi aliiogopa kuliko yai. Hakutaka iguse mafuta, hakutaka ikwaruzwe, hakutaka hata Bibi aielekezee kidole. Lakini bila gasketi angejuaje ukubwa wa kupanua?

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba ana mke anayejua kukata.

"Mama watoto, nisaidie kitu kidogo. Chukua boksi hili. Weka gasketi juu yake, chora hayo matundu, halafu nikatie vipande vya ukubwa wake. Mimi nitavigandisha kwenye midomo ya manifodi, nizungushie msumari, nipate mstari. Mikono yako ni safi."

"Sasa mikono yangu imekuwa safi."

"Nisaidie bwana, usinichoshe."

Fundi alikuwa na pini mdomoni na gauni la watu magotini. Aliweka gauni kando, akatoa pini moja moja, akachukua chaki. Alitandaza gasketi juu ya boksi kwa upole uleule ambao angetandaza hariri, akachora matundu yote. Kisha akashika mkasi, akasita.

"Nikate vipi?"

Pumzi alikuwa amejiinamia juu ya drili iliyokataa kushika jiwe la kusagia. "Kata kama unavyokata siku zote! Mpaka kukata nako unaniuliza?"

Basi akakata kama anavyokata siku zote. Mkasi ulipita nje ya mstari, pembeni kidogo, ukazunguka tundu baada ya tundu bila kutetemeka. Alimkabidhi vipande, akarudisha pini mdomoni, akaendelea na gauni.


Kutwa nzima drili ililia uani. Umeme wa nyumba ile haukuweza kubeba drili na pasi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila Fundi alipochomeka pasi swichi kubwa ilijizima, na kila ilipojizima Pumzi alipiga kelele kana kwamba amekatwa mguu.

"Nani amezima?"

"Nyumba imezima!"

"Chomoa hiyo pasi!"

"Mteja anakuja saa kumi, nimpe gauni lenye makunyanzi?"

"Mwambie ndiyo mtindo wa sasa!"

Mteja alikuja saa kumi, akapewa gauni lenye makunyanzi, akalitazama, akasema hakuna shida, kwa ile sauti ambayo watu huitumia pale shida inapokuwepo. Fundi aliomba radhi. Tangu aanze kushona hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa ajili ya makunyanzi.

Jumapili drili ikalia tena. Unga wa chuma ulitanda kwenye kamba ya nguo, kwenye ndoo, kwenye nywele za Bibi. Pumzi alikuwa na furaha ambayo hawajaiona siku nyingi. Kadiri alivyosaga ndivyo midomo ilivyopanuka, na kadiri ilivyopanuka ndivyo alivyozidi kushangaa jinsi injini yake ilivyodhulumiwa.

"Njoo uone mwenyewe, mama! Hewa yote hii ilikuwa inazuiwa! Waliotengeneza hili gari walikuwa na roho mbaya."

"Wanakujua wewe?" Bibi aliuliza.

Mdomo wa mwisho ulikuwa karibu na tundu la bolti. Alisaga mpaka kwenye mstari, na mstari ulipofika jiwe likazama ghafla, drili ikaruka, na alipopuliza vumbi akaona mwanga pale palipotakiwa kuwa na ukuta. Tundu la hewa na tundu la bolti vilikuwa vimekutana. Alikaa akiangalia. Kisha kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akaitoa gasketi kwenye mfuko wake, akaiweka juu ya manifodi.

Gasketi haikulingana. Kila mdomo ulikuwa mpana kuliko tundu lake kuzunguka pande zote, upana ule ule, sawasawa kabisa, kama kazi ya mtu hodari.

"Mama watoto!"

Fundi alitoka mbio akidhani amejikata. Pumzi alikuwa ameshika kipande kimoja cha boksi kwa mkono mmoja na gasketi kwa mkono mwingine.

"Hiki ni nini?"

"Kipande ulichoniagiza."

"Mbona ni kikubwa kuliko tundu?"

Fundi alikichukua, akakigeuza. Mstari wa chaki ulikuwepo pale pale alipouchora, na nje yake kulikuwa na ukingo mwembamba wa boksi uliozunguka wote.

"Nimeacha mshono," akasema.

"Umeacha nini?"

"Mshono. Nafasi ya kushonea. Huwezi kukata juu ya mstari, nguo itabana. Na hapo nimeacha mdogo, wa kola."

"Mshono!" Pumzi alizunguka uani, akarudi. "Chuma kinashonwa? Umeona wapi chuma kikishonwa?"

"Nilikuuliza nikate vipi! Ukasema kama siku zote! Siku zote ndiyo hivyo ninavyokata!"

"Akili ya kawaida tu—"

"Akili ya kawaida ingepima kabla ya kusaga! Gasketi ilikuwa mfukoni mwako siku mbili unailinda kama pete ya ndoa, kuiweka mara moja tu kumekushinda?"

"Umeniulia gari!"

"Umeniharibia bitana!"

Walipigizana kelele mpaka majirani wakaacha kujifanya hawasikii. Baadaye Fundi aliingia ndani, akakaa kwenye cherehani bila kushona. Alikuwa na hasira na mumewe, lakini chini ya hasira alikuwa na kitu kibaya zaidi. Alijua kwamba mkono ule ambao haukuwahi kumharibia mtu hata kiraka umekata vibaya, na umeikatia nyumba yake mwenyewe.


Mchomeleaji wa barabarani alikubali kufungua kibanda chake Jumapili kwa bei ya Jumapili. Aliigeuza manifodi, akatia kidole kwenye tundu, akapiga mluzi.

"Nani amefanya hii?"

Pumzi alificha mikono yake mgongoni.

"Hiki ni chuma cha kusubu, mzee. Kilimiminwa, hakikufuliwa. Ukikipasha moto kinakataa, ukikipoza kinalia. Naweza kujaza, lakini siahidi."

"Jaza."

Alijaza. Moto uliwaka, chuma kikawa chekundu, shimo likafungika, na Pumzi akaanza kutabasamu. Wakaifukia kwenye majivu ipoe polepole, wakakaa juu ya matairi wakisubiri. Giza lilikuwa bado halijaingia waliposikia mlio mdogo, kama wa sahani iliyowekwa vibaya. Mchomeleaji aliifukua. Ufa ulikuwa umeanzia pembeni mwa kiraka ukakimbia mpaka upande wa pili.

"Pole," akasema, akanyoosha mkono.

"Nilipe nini, na imepasuka?"

"Mimi nimechomelea. Wewe ulilipia kuchomelea, hukulipia kupona."

Pumzi alilipa. Njiani alipita kwa muuza vyuma chakavu kuuliza kama ana manifodi ya aina ile. Yule bwana alicheka kwa nia njema kabisa, akamwambia kwamba anayoifahamu ni moja tu, ile aliyoikumbatia, na kama amechoka kuibeba basi alete na sehemu iliyobaki, atampimia.

Jumatatu asubuhi alimpigia msimamizi wa machimbo. Alikuwa ameandaa maelezo marefu yenye lawama za kutosha watu watano. Msimamizi hakuyangoja.

"Mzee, usihangaike. Zamu ina mtu. Shemeji yako yuko hapa tangu alfajiri, ameshapanda mara mbili."

Pumzi aliweka simu juu ya meza ya kukatia, akaitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba atakufa.

"Zamu wamempa nani?" Fundi aliuliza.

"Kaka yako."


Kaka mtu alifika jioni ile na mfuko wa sukari. Alikuwa na malori mawili, viatu safi, na tabia ya kuongea polepole na watu waliofikwa na shida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi akajibu, na hakumkaribisha kiti. Mgeni akakaa mwenyewe.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Nilisikia nafasi imebaki wazi. Nikaona kuliko ichukuliwe na mtu baki, bora ibaki kwenye familia."

"Umefanya vizuri," Pumzi alisema.

"Na nimefikiria. Lile lori lako nalichukua. Matairi bado mazima, na bodi. Bei tutaelewana, sisi ni ndugu. Halafu mimi nina upungufu wa dereva. Unaanza kesho." Alikohoa kidogo. "Kwa mshahara, kama wenzako."

Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani. Alimwona mumewe akitazama mikono yake, ambayo unga wa chuma ulikuwa bado umejaa kwenye mikunjo. Alijua kitakachofuata. Sasa atasema. Sasa kaka yake atajua, mke wa kaka yake atajua, na mpaka kesho mchana stori ya boksi na mshono wa kola itakuwa imefika sokoni. Alijiandaa. Aliona mumewe ana haki ya kulisema, na aliona pia kwamba akishalisema hatamsamehe.

"Hebu niambie tu, shemeji," kaka mtu alisogea mbele, macho yakimcheka. "Ilikuwaje? Madereva kule wanasema umeitoboa manifodi mwenyewe kwa drili."

Bibi aligeuza shingo kumtazama mwanawe.

"Mkono uliteleza," Pumzi alisema.

"Mkono tu?"

"Mkono wangu. Nilikuwa na haraka, sikupima."

Bibi alisogeza kiti karibu asipitwe.

Fundi angeweza kunyamaza. Mwanamke mwenye busara angenyamaza, lakini yeye alikuwa ameshameza mengi mno, na hili lilimkaa kooni.

"Kaka, anadanganya. Haukuteleza. Mimi ndiye niliyemkatia kipimo, na nilikikata kikubwa."

Kaka yake akaanza kucheka, kicheko cha mapenzi, akampigapiga Pumzi begani.

"Shemeji, una bahati. Umeona mke huyo? Anakufichia aibu mpaka anajitwisha chuma! Dada yangu, wewe na injini wapi na wapi?"

"Nasema kweli!"

"Sawa, sawa. Nimekusikia." Akamkonyeza Pumzi.

"Kaka!"

"Mama watoto," Pumzi alisema bila kuinua sauti, "acha."

Aliacha. Lori likakubaliwa bei, bei ya undugu, yaani ndogo. Kaka mtu alipoondoka alimwagia baraka kila aliyekuwepo, na kumkumbusha dereva wake mpya kwamba kazini wanaingia alfajiri na hapendi mtu wa kuchelewa.


Mlango ulipofungwa Fundi alimgeukia mumewe akiwa amejishika kiuno.

"Miaka yote hii! Dizeli ilikosea, barabara ilikosea, mimi nimekosea hata nisipokuwepo! Leo nimekosea kweli, nimekosea mchana kweupe, ndiyo leo wewe mkono wako unateleza? Una wazimu? Nani alikutuma?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Kesho utapanda lori la kaka yangu, utamwita bosi, na watu watakucheka kwa kosa langu. Ulitaka nikushukuru?"

"Nani kataja shukrani?" Sasa Pumzi naye alikasirika, na alipokasirika alionekana mzee. "Hujui hesabu wewe? Lori halipo. Mshahara wa kaka yako unaujua, ukishuka mfukoni hausikiki. Watoto wako bweni. Tutakula nini? Tutakula hicho!" Alinyoosha kidole kwenye cherehani. "Mimi nikiitwa mjinga inapungua nini? Wameshaniita punda. Lakini wakisikia Fundi amekata vibaya, kesho nani atakuletea kitambaa chake?"

Kwa namna fulani hilo lilimuudhi Fundi zaidi kuliko kama angemtukana. Alitaka kumrushia kitu, na alitaka kulia, na hakuwa na muda wa lolote kati ya hayo mawili kwa sababu mtu alipiga hodi.

Alikuwa mama mmoja muuguzi wa mtaa wa pili, ambaye Fundi hakuwahi kumshonea. Alikuwa na kitambaa cheupe ndani ya mfuko, amekikumbatia.

"Hapa ndipo kwa Fundi?"

"Ndipo," Pumzi akajibu, akiwa amesimama mlangoni.

"Ah, wewe ndiye mzee wa..." Mama alijizuia, lakini tabasamu lilimtoroka. "Pole na gari. Nimesikia uliitoboa injini mwenyewe."

"Niliitoboa."

"Pole sana. Sasa nisikufiche, hiki kitambaa nimekinunua kwa shida, na hakipatikani tena. Ni cha sare yangu. Naogopa kukatiwa vibaya. Mkeo ni mwangalifu?"

Bibi alimwangalia mwanawe. Fundi, ndani, alishika ukingo wa meza.

"Pita ndani, mama," Pumzi akasema, akasogea kumpisha. "Huyo hakosei."

Muuguzi akapita. Fundi alimsimamisha karibu na dirisha, akachukua futi yake, akampima bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Alipomaliza akarudia upya tangu begani. Kisha akarudia tena.

"Kuna tatizo?" muuguzi aliuliza.

"Hakuna," Fundi alisema. "Inua mkono."